Maji ya Kinjeketile: Ishara, Sitiari au Kisakale? Historia ya Istilahi Chache za Fasihi Ikitazamwa Kutoka Songea

Makala haya yametokana na karatasi tatu za majibu. Tulikuwa Songea, Mkoa wa Ruvuma, kwa kazi ya kukusanya maoni ya walimu wa Kiswahili juu ya istilahi za fasihi, nasi tulikwisha kujaza kurasa kadhaa za daftari, mwalimu mmoja wa sekondari alipotuwekea mezani karatasi za wanafunzi wake. Swali lilikuwa limewataka waeleze matumizi ya maji katika tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein. Mwanafunzi wa kwanza alijibu kwamba maji ni ishara ya umoja. Msahihishaji, ambaye hakuwa mwalimu yule, alilikata neno ishara kwa wino mwekundu na kuandika pembeni: sitiari. Mwanafunzi wa pili aliandika istiara, naye akakatwa, na pembeni pakaandikwa neno lile lile sitiari, kana kwamba kosa lake lilikuwa la tahajia tu. Wa tatu aliandika kwamba maji hayakuwa tamathali ya usemi hata kidogo, kwa kuwa babu wa babu yake aliyanywa. Huyu alipata sifuri, bila maelezo yoyote.

Ndugu msomaji, sisi ambao kazi yetu ni maneno hatuna ruhusa ya kulicheka jambo hili wala ya kumtupia msahihishaji lawama yote. Yeye alifuata mwongozo aliopewa. Mwongozo uliandikwa kwa kufuata vitabu, na vitabu havikubaliani. Mwalimu wa Songea anayeagiza vitabu vitatu vya uhakiki hupata maana tatu za neno moja, au maneno matatu ya maana moja, na katikati amesimama mtoto anayehitaji alama ili aendelee na masomo. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi tulivyofikia hali hiyo. Hatutashika istilahi zote za fasihi. Tutashika zile zilizokatwa kwa wino mwekundu, na nyingine chache zinazozisaidia kueleweka.

Yafaa tuanze na wale waliokuwa na istilahi zao kabla ya shule kuzihitaji, yaani washairi. Zamani, kabla neno fasihi halijawa na maana tunayoipa leo, malenga wa pwani walikuwa na msamiati kamili wa ufundi wao: ubeti, mshororo, kipande, kina, mizani, kiitikio, bahari, guni. Haya yalikuwa maneno ya karakana. Mizani ilitoka sokoni kwa wapima bidhaa, nayo ikapewa kazi ya kupima silabi. Bahari ilikuja na elimu ya ushairi ya Waarabu, ambako pia neno hilo moja huitwa maji makuu na mkondo wa shairi. Guni lilikuwa shairi lenye kasoro ya vina au mizani, na fundi aliyeambiwa kwamba ametunga guni alijua mara moja mahali pa kurekebisha. Istilahi ya namna hiyo haina haja ya kamati, kwa sababu kila anayeitumia anaweza kuipima kwa kuhesabu vidole.

Mtu aliyezikusanya istilahi hizo na kuziweka kitabuni hakuwa mtu wa mwambao. Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji mwaka 1924, kando ya Ziwa Tanganyika. Kitabu chake Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri kilitoka mwaka 1954, kabla hajawa Meya wa Dar es Salaam mwaka 1960 na baadaye Waziri katika Serikali ya Tanganyika. Alifariki mwaka 1964. Tunalitaja hili kwa sababu wapo wanaodhani kwamba istilahi za ushairi ni mali ya Mombasa, Lamu na Unguja, na kwamba mtu wa bara ni mgeni wake. Ukweli ni kwamba mtu wa bara ndiye aliyezitungia sheria, na kwa sheria hizo watoto wa Songea, wa Bukoba na wa Tarime walifundishwa mizani kumi na sita ya shairi la kawaida, nane kwa nane.

Songea yenyewe iliingia katika ushairi wa Kiswahili mapema, ingawa kwa njia ya uchungu. Vita vya Maji Maji vilivyoanza Umatumbi mwezi Julai 1905 vilitungiwa utenzi na Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, nao ulichapishwa mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley, ukiitwa Utenzi wa Vita vya Maji-Maji. Umbo lake ni lile la tenzi zote: mizani nane kwa kila kipande, vipande vinne kwa ubeti, vitatu vya kwanza vikishirikiana kina, na cha nne kikishika kina kinachopita kazi nzima toka mwanzo hadi mwisho. Humo maji ni dawa. Yanagawiwa, yanaaminiwa, yanaponza. Msomaji wa utenzi huo hahitaji neno ishara wala sitiari ili aelewe kinachosemwa, maana mtunzi alikuwa akisimulia vita vilivyompitia jirani.

Hata jina la umbo hilo lina mgogoro wake mdogo. Wa kaskazini husema utendi, wa Unguja na kusini husema utenzi, na yote mawili yametokana na kutenda. Baadhi ya wahakiki wakaona hapo pana nafasi ya kutumia mapacha hao kwa kazi mbili: utenzi liwe jina la umbo, na utendi liwe jina la hadithi ndefu ya mashujaa, iwe imetungwa kwa umbo hilo au kwa jingine. Wazo hilo ni zuri, nasi tunalikubali mezani. Lakini mwalimu aliyekulia mahali wasemapo utendi kwa kila kitu, utamweleza nini? Mgawanyo wa maana uliofanywa kwa herufi moja huishi katika kitabu, na hufa mara tu mtu anapofungua kinywa. Tuliweke jambo hili akilini, kwa sababu ndilo litakalotukuta tena tutakapofika kwenye sitiari.

Sasa tuje shuleni. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili Sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Nchi za Afrika Mashariki. Kamati hiyo ilishughulika na tahajia, sarufi, kamusi na idhini ya vitabu vya shule. Haikuulizwa swali la uhakiki, kwa sababu uhakiki wa kazi za Kiswahili haukuwa somo la shule; fasihi iliyofundishwa na kuhakikiwa katika madarasa ya juu ilikuwa ya Kiingereza, kwa istilahi za Kiingereza. Kamati ilipogeuka kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1964, na Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa Sheria Namba 27 ya mwaka 1967, haja kubwa ya kwanza ilikuwa ya maofisi. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa, shughuli za Serikali zilikuwa zinahamia katika Kiswahili, na vijitabu vya Tafsiri Sanifu vilivyotolewa katika miaka ya 1970 vilikuwa na kazi ya kuwapa watumishi majina ya vyeo, idara, mitambo na taaluma. Ndipo mwaka 1970 ikaanzishwa Idara ya Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kwa ghafla walihitajika watu wa kusema kwa Kiswahili yale yote waliyojifunza kuyasema kwa Kiingereza juu ya riwaya na tamthilia.

Neno fasihi lenyewe lilipata cheo chake wakati huo. Kwa Waarabu, kazi za sanaa ya lugha huitwa kwa neno ambalo kwetu limekuwa adabu. Lakini Mswahili alikwisha kulipa neno adabu kazi ya kumlea mtoto, na hakuna mwalimu ambaye angeweza kulitamka darasani kama jina la somo bila wanafunzi kudhani kwamba wanakanywa. Likachukuliwa fasihi, ndugu wa fasaha na ufasaha, ambalo zamani lilimsifu msemaji safi. Kwa maoni yetu huo ulikuwa uamuzi wa busara. Neno lilikuwa na ukoo hapa nyumbani, na ukoo huo ulikuwa wa heshima.

Kwa tamathali za usemi waliokuwa wakitafuta majina walielekea mahali palipokuwa na ghala tayari, yaani elimu ya balagha ya Kiarabu, iliyosomwa na wanavyuoni wa pwani. Huko yalipatikana tashibiha, sitiari, tashihisi, takriri, mubalagha na mengine. Wapo waliolalamika kwamba huko ni kukimbilia ugenini, na kwamba utaratibu wa kuunda istilahi unatutaka tuanze na Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha lugha nyingine za Kibantu, ndipo twende mbali. Malalamiko hayo yana haki yake. Tumefaidi tulipoufuata utaratibu huo, kama tulivyochukua ngeli kwa Wahaya na ikulu kwa Wanyamwezi na Wasukuma. Hata hivyo asili ya neno si kipimo cha kutosha. Tulipozungumza na walimu wa Songea, ambao wengi wao, pamoja na wanafunzi wao, walizaliwa katika Kingoni, Kimatengo, Kindendeule, Kiyao au Kinyasa, tuligundua kipimo kingine kinachofanya kazi darasani: je, neno hilo lina ndugu ambao mtoto amekwisha kukutana nao?

Tashibiha inao: mtoto anajua kushabihiana. Takriri inao: anakariri mashairi kila wiki. Tanakali za sauti zinao ndugu wawili, nakala na kunakili, na mwalimu akisema kwamba mwandishi amenakili sauti ya mlango au ya mvua, kazi imekwisha. Taswira inao ndugu anayeonekana kila siku, nao ni sura. Lakini tashihisi, ambayo kwa Kiarabu imetokana na neno la mtu au nafsi, kwa mtoto wa Mbinga au Tunduru haina jirani yeyote. Hukaririwa siku ya mtihani na kusahauliwa siku ya pili. Ndiyo sababu wengi wamekimbilia uhuishaji, yaani kukipa uhai kisichokuwa nao, na neno hilo halihitaji kusukumwa. Mubalagha nayo ilikuta chuku imekwisha kukaa kitini. Chuku ni ile pembe ya mwumikaji inayovuta damu mpaka ngozi ikatutumka, na mtu anayepiga chuku anafanya hivyo hivyo kwa habari. Hatujui istilahi nyingine ya fasihi iliyochorwa vizuri kama hiyo, na kila tunapoona kitabu kinaiweka katika mabano baada ya mubalagha tunahisi kwamba mwenye nyumba amekalishwa barazani.

Tuje sasa kwenye wino mwekundu. Sitiari na istiara ni neno moja. Kwa Kiarabu maana yake ni kuazima: mtu anakiazimia kitu jina la kitu kingine, kama anayesema kwamba fulani ni simba, bila neno kama au mithili. Neno hilo liliingia katika Kiswahili cha wahakiki kwa milango miwili. Wengine walililainisha ili lifuate ulimi wa Mswahili, likawa sitiari; wengine waliliacha karibu na umbo lake, likawa istiara. Kwa muda yalitumika kwa maana ile ile. Baadaye baadhi ya wataalamu walifanya kama wale wa utenzi na utendi: waliona maumbo mawili na maana mbili zinazotafuta majina, wakagawa. Katika makala ya M. M. Mulokozi juu ya tanzu za fasihi simulizi, iliyotoka katika jarida la Mulika namba 21 la mwaka 1989, istiara ni aina ya hadithi: ile ambayo maana yake ya wazi inasimama badala ya maana nyingine iliyofichika, hadithi nzima na si neno moja. Sitiari ikabaki kuwa kuazima kwa neno au kifungu.

Mgawanyo huu una manufaa, maana mambo hayo mawili ni tofauti kweli. Tatizo ni kwamba haukufika kila mahali. Kuna vitabu vilivyoufuata na vingine ambavyo kwavyo istiara ingali tahajia ya pili ya sitiari. Mwanafunzi wa pili wa Songea alikuwa amesoma kitabu cha kundi la kwanza, na msahihishaji alikuwa wa kundi la pili. Mwanafunzi alitaka kusema kwamba tamthilia nzima ya Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, inaweza kusomwa kama hadithi ya taifa changa linalotafuta neno la kuliunganisha. Hoja hiyo inaweza kubishaniwa, lakini si kosa la tahajia. Aliadhibiwa kwa kujua zaidi ya mwongozo.

Mwalimu aliyetuonyesha karatasi hizo alikuwa na maelezo yake juu ya sitiari, nayo tunayataja kwa sababu yanafundisha jambo. Aliwaambia wanafunzi wake kwamba sitiari inatokana na kusitiri, kwa kuwa maana husitiriwa ndani ya neno. Kwa upande wa asili ya neno amekosea. Kusitiri ni la mzizi mwingine kabisa. Tulimweleza hivyo kwa adabu, naye akacheka akasema kwamba tangu aanze kueleza hivyo hakuna anayesahau. Yamkini hapo ndipo neno lilipojipatia ndugu lililokuwa halina. Lugha hufanya hivyo mara nyingi, na mwenye kamusi hufika baadaye kuandika kilichotokea. Lakini kuna hatari moja. Kama sitiari ni kila maana iliyofichika, basi ishara pia ni sitiari, na fumbo, na kijembe, na kila kitu. Nahisi hiyo pia, kwa namna moja au nyingine, ndiyo iliyokuwa akilini mwa msahihishaji wetu.

Ishara ni neno lililo jepesi kuliko yote haya, na huenda wepesi wake ndio uliolidhuru. Mtu hutoa ishara kwa mkono; mawingu ni ishara ya mvua; trafiki ana ishara zake. Kwa sababu kila mtu analijua, halikuonekana kuwa na heshima ya istilahi. Katika uhakiki, hata hivyo, lina kazi yake ambayo sitiari haiwezi kuifanya. Penye sitiari, kitu kilichotajwa hakipo. Tukisema fulani ni simba, hakuna simba chumbani. Penye ishara, kitu kipo, kinashikwa, kinaonekana na wahusika wenyewe, kisha kinabeba maana iliyo kubwa kuliko umbo lake. Bendera ni kitambaa kweli, na tena ni taifa.

Tuipime tamthilia kwa kipimo hicho. Kinjeketile anatumbukia mtoni na kurejea akiwa na maji pamoja na neno la umoja. Watu waliokuwa hawapatani wanayapokea maji hayo na kwa hayo wanakubali kukaa pamoja. Maji yapo jukwaani. Yanaletwa, yanagawiwa. Hakuna mhusika anayesema maji akimaanisha umoja, kama mtu asemavyo simba akimaanisha shujaa. Wanasema maji wakimaanisha maji, na umoja unakuja juu yake. Baadaye Kinjeketile anaona kwamba neno lake limekwisha kuwa na nguvu kuliko yeye aliyelisema, na kwamba vita vitakwenda hata asipotaka. Mwisho akiwa mikononi mwa Wajerumani anakataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo, kwa kuwa kutamka hivyo kutawaambia watoto watakaokuja kwamba kupigania ardhi yao kulikuwa kosa. Hapo ishara imefikia ukomo wake: dawa imeshindwa, na maana imebaki. Hili haliwezi kuelezwa kwa neno sitiari hata likivutwa vipi. Mwanafunzi wa kwanza alikuwa amejibu sawasawa, nasi tunalisema bila kusita.

Tungeweza kuongeza kwamba jina la vita vyenyewe, Maji Maji, ni mfano mzuri wa taashira, yaani kukiita kitu kwa jina la kingine kinachoambatana nacho. Vita vimepewa jina la dawa iliyonywewa. Walimu wanaotafuta mfano wa taashira kwa kawaida hutumia jembe kwa mkulima na kalamu kwa msomi. Songea wana mfano wao mlangoni.

Lakini mwanafunzi wa tatu, aliyepata sifuri, ametuchosha zaidi kuliko wawili wa kwanza. Alisema kwamba babu wa babu yake aliyanywa.

Hapa hatuna budi kukumbusha kilichotokea. Mtu aliyeitwa Kinjikitile Ngwale, wa Ngarambe, alinyongwa na Wajerumani Mohoro mwezi Agosti 1905, vita vikiwa vimeanza tu. Dawa ilitangulia mbele bila yeye. Ungoni ililetwa na mjumbe anayekumbukwa kwa jina la Kinjala, na mwezi Septemba Wangoni wa falme zote mbili, Mshope chini ya Chabruma na Njelu chini ya Mputa Gama, walikuwa vitani. Bunduki hazikugeuka maji. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi na wapiganaji zaidi ya 60 mjini Songea, na Nduna Songea Mbano, ambaye mji umechukua jina lake, akanyongwa siku chache baadaye. Kisha ghala zilichomwa na mashamba yakaharibiwa, na njaa iliua wengi kuliko risasi. Serikali ya Kijerumani ilikadiria waliokufa katika vita nzima kuwa 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria 250,000 hadi 300,000. Makumbusho yaliyofunguliwa Songea mwaka 1980 yamesimama penye kaburi la halaiki, na kila mwezi wa Februari watu hukusanyika hapo.

Mwaka 1968 na 1969 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa katika wilaya zilizopigana, Songea ikiwa mojawapo, wakaandika yaliyosemwa na wazee. Wanahistoria waliyaita masimulizi, na waliyatumia kama ushahidi. Miaka hiyo hiyo wataalamu wa fasihi walikuwa wakitafuta jina la sanaa ya mdomo. Pio Zirimu wa Uganda aliunganisha maneno mawili ya Kiingereza, la mdomo na la fasihi, akapata jina moja. Sisi tukapata fasihi simulizi. Lilikuwa jambo la heshima, kwa kuwa lilimpandisha bibi kizee msimulizi akakaa meza moja na mwandishi wa vitabu. Lakini mara tu fasihi simulizi ilipopata jina, ilihitaji matawi, na matawi yakapata majina: ngano, hekaya, visasili, visakale, tarihi na mengine. Kisasili, kilichoundwa kwa neno asili, ni hadithi ya chanzo cha watu, ya miungu na mizimu. Kisakale, yaani kisa cha kale, ni habari ya watu na matukio yanayosadikiwa kwamba yalikuwako, yakiwa yameongezewa ya ajabu. Tarihi ni habari za matukio kwa mpangilio wa wakati.

Kama kazi ya uundaji wa maneno, kisasili na kisakale ni kazi safi. Yana ukoo, yanatamkika, yanajieleza. Sasa tuyalete Songea. Mzee anasema: baba yangu aliniambia kwamba baba yake alipakwa maji na kuambiwa asirudi nyuma. Mwalimu wa fasihi, akifuata mtaala, anamtaka mwanafunzi aikusanye habari hiyo na kuitaja utanzu wake. Akiandika kisasili, amemweka babu yake pamoja na mizimu. Akiandika kisakale, amesema kwamba habari hiyo ina chumvi. Akiandika tarihi, ameambiwa kwamba haina tarehe. Hakuna kisanduku cha mtu aliyesema alichokiona. Kwa mwanahistoria wa mwaka 1968 mzee huyo alikuwa shahidi; kwa mwongozo wa fasihi amekuwa utanzu. Tulipoliona hili ndipo tulipoelewa kwa nini mwanafunzi wa tatu alikataa katakata kuiita maji tamathali ya usemi. Hakuwa hajui istilahi. Alizijua, na aliona zinapompeleka.

Je, alistahili sifuri? Swali lilikuwa juu ya tamthilia, na katika tamthilia jibu lake lina upungufu. Ebrahim Hussein mwenyewe, katika maelezo yake, alitahadharisha kwamba Kinjeketile wa jukwaani si yule wa historia, bali ni kiumbe cha sanaa, na hata tahajia inatusaidia kuwatenganisha: Kinjikitile ni mtu, Kinjeketile ni mhusika. (Neno mhusika nalo lina mikosi yake: watumishi wa ofisini hulisoma kama yule ambaye barua inamhusu, na tumewahi kusoma tafsiri moja iliyowataka wahusika wote wa riwaya waripoti.) Mwanafunzi huyo alimchanganya mtu na mhusika. Lakini alikuwa ameshika ukweli ambao wenzake hawakuugusa, kwamba ishara ina nguvu katika tamthilia hii kwa sababu kitu chenyewe kiliwahi kunywewa na watu wenye majina. Simba wa sitiari hakuacha kaburi popote.

Tulirudi na mapendekezo manne, ambayo yamewekwa mbele ya kamati inayohusika. La kwanza ni kwamba sitiari libaki kwa kuazima kwa neno au kifungu, na istiara kwa hadithi nzima yenye maana ya pili, na kwamba hadi vitabu vyote vitakapofuata hivyo msahihishaji asimkate mwanafunzi anayetumia lolote kati ya mawili kwa maelezo yanayoeleweka. La pili, ishara itambuliwe rasmi kuwa istilahi ya fasihi, ikiwa na fasili inayoitofautisha na sitiari kwa kipimo cha kuwapo kwa kitu. La tatu, uhuishaji na chuku zitangulie, tashihisi na mubalagha zifuate. Haya matatu hayatatupa shida kubwa. Wajumbe watabishana, kisha watakubaliana.

La nne ndilo gumu. Tunataka katika orodha ya tanzu za masimulizi liingizwe neno la habari iliyopokewa kwa mdomo kutoka kwa aliyeshuhudia, neno ambalo halimtii msimulizi chumvi wala halimwamuru awe na tarehe. Kumbukumbu limependekezwa, nalo limewahi kutumiwa. Walimu wa Songea wanalikataa kwa kuwa kwao kumbukumbu ni kile kikao cha Februari penye makaburi, na pia ni muhtasari wa mkutano. Ushuhuda limependekezwa, nalo limekwisha kushikwa na makanisa. Masimulizi ni pana mno. Mzee mmoja aliyekuwa akitusikiliza alisema kwamba kwao habari kama hiyo huitwa tu maneno ya wazee, na hatukuwa na jibu la haraka la kumpa. Wasomaji wenye neno watuandikie, wakitaja linatumika wapi na nani hulisema.